“Umerefuka” au “Nimeurefusha”? Kumsaidia mwanafunzi wa sanaa kuitafakari kazi yake

Katika Apologia, kitabu ambamo Plato anasimulia utetezi wa Socrates mbele ya mahakama ya Athens mwaka 399 K.K., kuna kisa kifupi ambacho kingewafaa sana walimu wa sanaa. Socrates anaeleza jinsi alivyozunguka mjini akimtafuta mtu mwenye hekima kuliko yeye. Aliwaendea wanasiasa, kisha washairi, kisha mafundi. Kwa washairi alichagua zile tungo walizozihangaikia zaidi, akawauliza maana yake. Akastaajabu kuona kwamba karibu kila mtu aliyekuwa amesimama pale angeweza kuzieleza vizuri kuliko wenyewe waliozitunga. Mafundi walikuwa tofauti. Hao walijua kweli mambo ambayo Socrates hakuyajua. Tatizo lao ni kwamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa hodari katika kazi yake, alijiona ana hekima hata katika mambo makubwa yaliyo nje ya kazi hiyo.

Mwanafunzi wa sanaa yuko katikati ya makundi hayo mawili. Anafanya kazi kwa mikono kama fundi, lakini akiulizwa habari ya kazi yake anababaika kama mshairi. Na siku hizi anaulizwa mara nyingi. Katika shule nyingi haitoshi tena kukabidhi picha au kinyago. Mwanafunzi anatakiwa aambatanishe maelezo: alikusudia nini, alipata shida gani, amejifunza nini. Nia ya agizo hilo ni njema. Matokeo yake, kwa bahati mbaya, ni sentensi ambazo yeyote aliyewahi kusahihisha madaftari anazijua kwa moyo: “Nimejifunza kuwa mvumilivu. Rangi nyekundu inaonyesha upendo na rangi ya kijani inaonyesha uoto. Wakati mwingine nitajitahidi zaidi.” Maelezo hayo ungeweza kuyabandika nyuma ya picha ya jirani yake, na hakuna ambaye angegundua.

Wengine watasema hili ni jambo dogo. Sisi hatulioni hivyo. Mwanafunzi anayeandika maneno ya namna hii anajifunza jambo moja kwa uhakika kabisa, kwamba kusema juu ya kazi yako mwenyewe ni kutafuta maneno yatakayompendeza anayetoa alama. Anajizoeza kutoiangalia kazi iliyo mbele yake. Mazoea hayo hayaishii kwenye chumba cha sanaa. Mtu huenda nayo ofisini, kwenye ndoa na kwenye uongozi. Kwa hiyo inafaa tuulize kwa makini: kutafakari kazi yako ni kufanya nini hasa?

Neno la Kilatini *reflectere* maana yake ni kupinda kitu kikarudi kilikotoka. Mtakatifu Thomas wa Akwino anaeleza kwamba akili inaujua ukweli kwa namna yake ya pekee kwa sababu inaweza kurudi juu ya tendo lake yenyewe na kuona kama tendo hilo limelingana na kitu. Tuangalie: akili hairudi kujitazama tu na kujiuliza inajisikiaje. Inarudi kwenye tendo, na tendo lile lina kitu mbele yake.

Thomas anasema pia, akimfuata Aristotle, kwamba sanaa ni akili nyofu kuhusu vitu vinavyotengenezwa. (Kwake neno sanaa linamhusu mjenzi wa mashua sawa na mchoraji.) Kisha anaongeza jambo linalowashangaza wengi wanaolisikia kwa mara ya kwanza: fundi, akiwa fundi, hasifiwi kwa nia aliyokuwa nayo alipofanya kazi, bali kwa ubora wa kazi aliyoifanya. Fundi seremala mwenye moyo mwema aliyetengeneza kiti kinachoyumba amekupa kiti kinachoyumba. Kama ni hivyo, basi swali tunalolipenda sana, “ulikusudia nini?”, haliwezi kuwa swali la kwanza wala la mwisho. Lina nafasi yake, lakini likisimama peke yake linamwondoa mwanafunzi kwenye kazi na kumpeleka kwenye hotuba.

Basi swali lipi? Tunaamini Aristotle alilidokeza bila kukusudia kuwasaidia walimu wa sanaa. Katika kitabu cha sita cha Maadili ya Nikomako anatofautisha sanaa na busara ya maisha kwa kipimo cha ajabu kidogo. Katika sanaa, anasema, anayekosea kwa kutaka ni bora kuliko anayekosea bila kutaka. Katika busara na fadhila ni kinyume chake. Mtu anayesema uongo kwa kudhamiria ni mbaya kuliko aliyeteleza ulimi. Lakini fundi mwashi anayepanga tofali moja nje ya mstari ili kumwonyesha mwanagenzi kasoro ilivyo, huyo ni fundi zaidi ya yule ambaye ukuta wake umepinda na yeye hana habari.

Kipimo hicho kinatupatia swali ambalo mtoto wa kidato cha kwanza analielewa na msanii mzee hajamaliza kulijibu: katika kazi hii, ni kipi ulichokifanya, na ni kipi kilichotokea tu?

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi. Vitenzi vyetu vina njia ya kusema jambo limekuwa bila kumtaja aliyelifanya: mkono *umerefuka*, rangi *imekolea*, uso *umechafuka*, mstari *umepinda*. Na vina njia ya kumrudisha mtendaji mahali pake: *nimeurefusha* mkono, *nimeikoleza* rangi, *nimeuchafua* uso, *nimeupinda* mstari. Msikilize mwanafunzi akisimama mbele ya picha yake. Karibu kila sentensi itakuwa ya aina ya kwanza. Picha yote inaonekana kana kwamba ilijichora usiku, kila mtu akiwa amelala.

Tuseme msichana amemchora mama akichota maji kisimani, na mkono unaoshika kamba umekuwa mrefu kuliko mwili unavyoruhusu. Mwalimu anasimama karibu naye.

“Neema, nionyeshe mahali ambapo macho yangu yanasimama kwanza.”

“Kwenye mkono, mwalimu. Umekuwa mrefu.”

“Umerefuka, au umeurefusha?”

Msichana anacheka kidogo. “Umerefuka.”

“Sawa. Sasa uangalie tena. Ungekuwa mkono wako wewe, ungeufupisha, au ungeuacha?”

Ananyamaza. Kisima ni kirefu, kamba inaingia gizani, na mkono ule mrefu unavuta kwenda chini pamoja nayo. “Ningeuacha,” anasema, “ila ule mwingine ndio umezidi. Huo hauvuti kitu.”

Hayo mazungumzo hayakuchukua dakika mbili, na ndani yake mna tafakari zaidi ya ukurasa mzima kuhusu uvumilivu. Neema ametenganisha kosa na bahati njema. Mkono mmoja uliotokea tu sasa ameuchagua, maana ameukubali kwa sababu anayoweza kuionyesha kwa kidole. Wa pili ameukataa. Hakusema lolote juu ya hisia zake, ingawa kama angeendelea kidogo huenda angefika kwenye uzito wa ndoo na mgongo wa mama yake. Hisia zikija kwa njia hiyo ya kazi huwa za kweli. Zikiitwa kwanza hazitoki, na badala yake hutoka zile za kuazima.

Mfano mkubwa wa jambo hili tunao kwa Vincent van Gogh. Mwaka 1885, akiwa Nuenen huko Uholanzi, alichora picha ya wakulima watano wakila viazi chini ya taa. Kabla yake alikuwa amechora makumi ya vichwa vya wakulima kama mazoezi. Alipomtumia rafiki yake Anthon van Rappard chapa ya picha hiyo, rafiki alimjibu kwa ukali, akikosoa mikono na miili ya watu wale. Van Gogh alikasirika hata akairudisha barua ile, na urafiki wao haukupona. Lakini tukiacha hasira, barua zake za mwaka huo zinafundisha. Kuhusu chapa alieleza kwamba aliichora kwa kumbukumbu. Kuhusu miili ya wakulima alimwandikia ndugu yake Theo kwamba angekata tamaa kama ingekuwa sahihi kwa kipimo cha vyuo vya sanaa, na kwamba alichotamani kujifunza ni namna ya kukosea vile: kuugeuza uhalisia hadi utokee uongo, kama mtu anataka kuuita hivyo, ulio wa kweli kuliko usahihi mkavu. Kuhusu mikono alitaka ionekane kuwa ile ile inayonyooshwa kwenye sahani ndiyo iliyochimba ardhi.

Aristotle angemwelewa. Van Gogh anajua kipi katika picha yake ni upungufu na kipi ni chaguo, na anaweza kumwonyesha mtu mwingine. Tena uwezo huo hakuupata siku ya kukabidhi kazi. Barua alizoandika zilizohifadhiwa hadi leo ni zaidi ya 800, na nyingi zinazungumzia kazi ikiwa bado inaendelea, pamoja na michoro midogo pembeni, kwa ndugu aliyetaka kweli kujua. Hakuna aliyempa alama.

Hilo la wakati ni muhimu kuliko linavyoonekana. Maelezo yanayoombwa mwishoni yanamkuta mwanafunzi ameshasahau. Donald Schön, aliyeandika mwaka 1983 juu ya namna wataalamu wanavyofikiri wakiwa kazini, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kufikiri kwao hutokea katikati ya tendo. Mtu anafanya jambo, kazi yenyewe “inamjibu”, naye anabadili mwelekeo. Mchongaji wa mpingo analijua hili bila kusoma kitabu. Patasi inapokutana na fundo la mti, anasimama, anakizungusha kigogo, na kile kilichotaka kuwa bega kinakuwa goti. Ukimuuliza baada ya wiki mbili atakwambia tu kwamba alichonga mzee.

Watu wa elimu huko Marekani walijaribu kuujengea ukweli huu utaratibu. Mwaka 1967 mwanafalsafa Nelson Goodman alianzisha katika Chuo Kikuu cha Harvard kituo cha utafiti kinachoitwa Project Zero, kuchunguza jinsi watu wanavyojifunza sanaa. (Tunafurahi kumtaja mwanafalsafa aliyefanya jambo lenye manufaa darasani.) Katika miaka ya 1980 kituo hicho kilishirikiana na shule za mji wa Pittsburgh katika mpango ulioitwa Arts PROPEL. Badala ya jalada la kazi nzuri pekee, mwanafunzi alitunza jalada la safari nzima: michoro ya kwanza, majaribio yaliyoshindikana, maandishi mafupi ya njiani, na kazi iliyomalizika. Baada ya miezi kadhaa alilifungua tena na kuulizwa anaona nini. Baadaye watafiti wa kituo hicho hicho waliketi katika madarasa ya sanaa ya shule mbili za Massachusetts, na katika kitabu chao cha mwaka 2007, Studio Thinking, wakaitaja tafakari kuwa miongoni mwa mazoea manane ya akili yanayofundishwa humo. Wanaigawa sehemu mbili: kuuliza na kueleza, kisha kupima. Mpangilio huo unatupendeza. Sisi huku tunarukia kupima kabla hatujaeleza.

Mpendwa msomaji anaweza kusema: hayo ni ya Massachusetts, sisi tuna wanafunzi 60, boksi moja la rangi, na karatasi ni mgongo wa kalenda ya mwaka jana. Ni kweli. Ila jambo lenyewe halihitaji fedha. Kinachohitajika kwanza ni kuacha kutupa. Walimu wetu wanapenda usafi, na mwanafunzi anafundishwa kufuta kabisa mstari uliokosewa na kukabidhi karatasi isiyo na doa. Kwa kufanya hivyo anafuta ushahidi wote wa kufikiri kwake. Mwache akosee upande mmoja wa karatasi na ajaribu tena pembeni, mistari yote miwili ibaki. Kisha mgongo wa karatasi utumike. Aandike hapo mara tatu, na tarehe: baada ya mchoro wa kwanza wa penseli, katikati ya kazi, na mwishoni. Kila mara sentensi mbili tu, na kila sentensi iwe na kitenzi ambacho mtendaji wake ni yeye: niliongeza, nilifuta, nilisogeza, niliacha. Hilo la mwisho ni zuri mno. Kuacha ni kitendo, na wachoraji wachanga hawajui kwamba wanaruhusiwa kukifanya.

Lakini kuna kikwazo kingine ambacho vitabu vya Marekani havikitaji kwa sababu hawanacho kwa namna yetu. Kwetu neno “kwa nini” si swali. Ni mashtaka. Mtoto analisikia akiwa amevunja kikombe, na shuleni analisikia kwa mwalimu wa nidhamu. “Kwa nini umepaka bluu hapa?” Mwanafunzi anasikia: usingepaka bluu. Jibu linalokuja ni “samahani, mwalimu”, hata kama bluu ile ndiyo kitu bora katika picha nzima. Afadhali kuuliza kwa njia nyingine: ulianzia wapi? Hapa palikuwaje kabla? Ukiziba sehemu hii kwa kiganja, picha inapoteza nini? Swali la kiganja ni zuri kuliko yote, maana jibu liko kwenye karatasi na mwanafunzi na mwalimu wanalitafuta pamoja, bega kwa bega.

Tena tumelelewa kwamba mtu hajisifu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana mwenye adabu akiambiwa asimame aelezee ubora wa kazi yake anaona haya, na haya hiyo inastahili heshima. Si woga wa kutibiwa. Ndiyo maana katika kuangalia kazi kwa pamoja darasani tunapendelea mwenye kazi anyamaze kwanza. Wenzake waseme wanachokiona, si wanachokipenda: kuna mama, kuna kisima, mkono mmoja ni mrefu, anga halina rangi. Mwenye kazi anasikiliza, na anagundua yaliyofika na ambayo hayakufika. Ndipo anasema. Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, aliandaa tangu mwaka 1990 utaratibu unaofanana na huu: watazamaji husema kwanza kilichowagusa, halafu msanii mwenyewe anauliza maswali yake, halafu watazamaji wanauliza maswali yasiyobeba hukumu ndani yake, na maoni huja mwisho, tena kwa ruhusa ya msanii. Anayeona utaratibu huo ni wa kubembelezana ajaribu kuuliza swali moja lisilobeba hukumu. Ni kazi ngumu. “Huoni kwamba anga ni tupu mno?” halimo. “Anga umelipa kazi gani?” limo.

Kuhusu sifa, wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tungeongeza tu kwamba “kazi nzuri sana, hongera” humfunga mwanafunzi mdomo sawasawa na karipio. Ameshapewa hukumu, hana tena cha kutafuta.

Na alama? Hapa wenzetu wengi hawatakubaliana nasi. Tunaona maelezo ya hisia na mafunzo ya maisha yasipewe alama yoyote, maana alama ndiyo inayoyageuza kuwa maigizo. Kama mtaala unalazimisha, basi alama itolewe kwa kile kinachoonekana: je, anachokisema kinaonekana kwenye karatasi? Mwanafunzi anayeandika “niliupinda mgongo ili ndoo ionekane nzito, lakini haikuonekana nzito” apate zaidi ya anayeandika kwamba picha yake inawakilisha mateso ya mwanamke wa Afrika, kama mateso hayo hayapo penseli ilipopita.

Wapo pia ambao hawatasema wala kuandika kitu, na kati yao wamo wenye mikono bora darasani. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alikuwa na vijana waliojifunza kwa kukaa karibu naye akipaka rangi za enameli kwenye vipande vya ubao jijini Dar es Salaam. Hakuna aliyewadai insha. Waliona, wakafanya, wakaona tena, na mtindo ukabaki ukiitwa kwa jina lake. Tafakari yao ilikuwa ndani ya kazi iliyofuata. Kwa mwanafunzi wa aina hiyo njia ni moja tu, nayo huwafaa hata wanaosema sana: achore kitu kile kile tena. Mama yule yule, kisima kile kile, baada ya wiki tatu, picha ya kwanza ikiwa ukutani. Asielezwe abadili nini. Zile picha mbili zikiwekwa pamoja, mwalimu ataona alichokichagua na alichokiacha, na mwanafunzi atakiona pia, hata kama hatatamka neno.

Kwa wale wanaoandika, mwisho wa mwaka waambiwe wazigeuze karatasi zao zote na kuzipanga kwa tarehe, migongo ikiwa juu. Wasome vitenzi peke yake. Wahesabu vingapi ni vya “imekuwa” na vingapi ni vya “nimefanya”, tangu Januari hadi Novemba.